Jicho la Kushoto

"Sikumwona."

Dereva alikuwa amelisema neno hilo kwa kila askari aliyemhoji tangu ajali, na kila askari aliliandika huku akibetua midomo, maana hajazaliwa dereva aliyegonga mtu akasema alimwona. Inspekta alilisikia, hakuandika. Dereva alikuwa ameomba maji, naye Inspekta akamwekea glasi mezani, upande wa kushoto, karibu kabisa na kiwiko chake.

Dereva akaendelea kungoja. Alimtazama Inspekta usoni kwa subira ya mtu mzima aliyezoea foleni, na mkono wake haukusogea.

"Maji hayo," Inspekta akasema.

Ndipo dereva alipogeuza kichwa kizima, kama mtu anayetazama nyuma ya bega lake, akayaona.

Yaliyokuwa kwenye jalada la kesi hayakuwa mengi. Lori la saruji lilipinda kushoto penye njia panda, asubuhi, jua likiwaka, barabara kavu. Mwalimu wa chekechea alikuwa anavuka. Mashahidi wote walikubaliana juu ya jambo moja, kwamba breki hazikukanyagwa hata kidogo, na lori lilimpitia kana kwamba hakuwapo. Kipimo cha pombe kilitoka safi. Simu ya dereva ilikutwa imezimwa ndani ya droo ya gari. Lori lenyewe lilikaguliwa likaonekana zima. Zilibaki njia mbili: ama alikusudia, ama alikuwa anaficha kitu. Mume wa marehemu, fundi seremala mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, aliamini ile ya kwanza. Kila asubuhi alikuja kituoni, akakaa ukumbini bila kumsumbua mtu, na kila Inspekta alipopita, alimuuliza lile lile: kwa nini hakufunga breki?

Ofisa wa kampuni ya malori ndiye aliyeleta kilichofunga mjadala, au alichodhani kimeufunga. Dereva ana kisukari, alisema, na kampuni inajua. Ndiyo maana walimtaka apimwe macho, naye akapimwa kwenye kituo cha afya chenye mashine mpya, ile inayopiga picha nyuma ya jicho na kuisoma yenyewe papo hapo. Cheti hiki hapa: jicho la kulia, dalili hafifu, jicho la kushoto, dalili hafifu, arudi baada ya mwaka. Mwaka ulikuwa haujafika hata nusu.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," ofisa alimalizia. "Lakini huyu hana maradhi ya kuficha. Alimwona."

Inspekta aliikumbuka methali hiyo alipokuwa anaitazama ile glasi.

"Funika jicho la kulia kwa kiganja," alimwambia dereva. "Usilibonyeze. La kushoto liache wazi."

Akafunika. Dirisha lilikuwa wazi na jua lilikuwa limetandaza mwanga juu ya meza nzima, likafika hadi kwenye vidole vya koplo aliyekuwa anaandika. Dereva akageuza uso huku na huku. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mmefunga dirisha?"

Koplo akaacha kuandika.

Mtu anaweza kuigiza upofu, na Inspekta aliwahi kukutana na waigizaji. Bila kusema neno alipeleka mkono wake kwa kasi mbele ya lile jicho lililo wazi, karibu kuigusa kope. Kope haikutikisika. Alirudia kutoka upande wa sikio, kisha kutoka chini. Jicho liliendelea kutazama ukuta kana kwamba chumbani hamna mtu mwingine.

"Unaona nini?"

"Giza. Giza lenye wekundu." Aliondoa kiganja, akatazama dirisha, akalifunika jicho tena, akaondoa tena. Alifanya hivyo mara kadhaa, na kila mara uso wake ulizidi kuzeeka. "Afande, mbona lilikuwa linaona?"

Alieleza alichokijua. Kabla ya kupimwa, alianza kuona vitu vyeusi vidogo kama nzi wanaopita, halafu moshi. Mke wake ndiye aliyemsukuma aende hospitali, alimwambia sukari haina adabu, ikiingia nyumbani hula kila chombo. Akaenda. Akaambiwa hakuna tatizo kubwa. Basi moshi ule akauhesabu kuwa uchovu wa barabara, akauzoea, na kwa kuwa hakuna mtu anayeendesha huku amefumba jicho moja, hakujua ulipogeuka kuwa giza.

"Uliwaambia habari za huo moshi?"

"Niliwaambia."

*

Kituo cha afya kilikuwa jengo la ghorofa moja, limepakwa rangi upya upande unaotazama barabara tu. Msimamizi wa mradi wa macho alimpokea Inspekta mlangoni. Wafanyakazi walimwita Asilimia, tena mbele yake, naye hakukasirika. Mtu huyo hakuweza kukuambia mvua imenyesha bila kukuambia ni asilimia ngapi. Kabla hawajafika kwenye chumba cha mashine Inspekta alikuwa ameshaelezwa asilimia ya wagonjwa waliohudumiwa, asilimia ya waliookolewa, na asilimia ya vituo vingine vilivyobaki nyuma.

Ile aliyoitamka kwa fahari zaidi ilikuwa ya picha zisizosomeka. Mwanzoni, alisema, mashine ilikuwa ikikataa picha nyingi mno. Sasa karibu haikatai kitu. Alimtaka Inspekta aandike hilo.

"Mashine haikosei," alisema. "Imefundishwa kwa picha za macho ambazo madaktari bingwa wamezisoma miaka na miaka. Huyo dereva wenu, mbaneni yeye."

Inspekta hakubisha. Njiani alikuwa ameshafikiria kwamba mashine imekosea, na dhana hiyo ilimpendeza kidogo, jambo lililomtia mashaka nayo. Akaomba kuona picha za dereva. Asilimia alimfungulia mwenyewe, bila kusita. Inspekta alilizingatia hilo: ama hakuwa na cha kuficha, ama hakujua kilipofichwa.

Picha mbili zikaonekana kwenye skrini, moja kushoto na moja kulia. Duara mbili za rangi ya chungwa, kila moja ikiwa na doa jeupe linalong'aa upande mmoja, na kutoka kwenye doa hilo mishipa midogo ya damu ilitawanyika kama mizizi iliyong'olewa na kuoshwa. Kwa mtu asiyejua, zilikuwa picha nzuri. Mashine nayo ilikuwa imeandika chini yake kwamba ni nzuri.

Alimwomba muuguzi anayepiga picha ampime na yeye, aone kazi inavyokwenda. Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono miepesi na sauti ya kubembeleza, na tangu Inspekta aingie hakuwa amesema neno zaidi ya karibu. Alivuta pazia chumba kikawa giza. Akamwonyesha pa kuweka kidevu. Inspekta aliona taa ndogo ya kijani, kisha mwako mkali, na kwa muda chumba kizima kikawa na rangi ya zambarau.

"Tulia, mama. Sasa la pili."

"Mashine inajuaje kama hili ni la pili?"

Mikono miepesi ikasimama kidogo. "Mimi ndiye ninayebonyeza," muuguzi akasema. "Kulia au kushoto. Yenyewe haijui. Inasoma inachopewa."

Picha za Inspekta zikatokea. Alisogeza kiti karibu akazitazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Doa jeupe la jicho lake la kulia lilikuwa upande wa kulia wa picha. La jicho lake la kushoto lilikuwa upande wa kushoto. Macho yake yalitazamana kama viganja viwili vya mtu mmoja.

Aliomba za dereva zirudishwe. Kwenye picha ya kwanza, iliyoandikwa kulia, doa jeupe lilikuwa kulia. Kwenye picha ya pili, iliyoandikwa kushoto, lilikuwa kulia vile vile.

Inspekta alikirudisha kiti mahali pake. Aliomba nakala za picha, akaaga. Muuguzi alikuwa amegeuka kuelekea pazia ingawa pazia lilikuwa limeshafunguliwa.

*

Daktari wa macho katika hospitali kuu ndiye aliyeidhinisha mashine zile zisambazwe vituoni. Alipoambiwa polisi wanaulizia mojawapo, alikuja juu kabla hajakaa. Alisema yeye amekesha miaka kwenye ugonjwa huu. Wenye kisukari ni wengi, madaktari wa macho wanahesabika kwa vidole, na ugonjwa huu huingia kama mwizi, hauumi, hauwashi, mpaka siku mshipa unapopasuka ndani ya jicho na damu kuziba kila kitu. Bila mashine, watu wangapi wangefika kwake wakati bado kuna cha kuokoa? Wasije sasa kuitafutia mashine kesi kwa sababu ya dereva mmoja.

Inspekta alimwacha amalize. Kisha akaweka picha mbili mezani.

Daktari alizitazama kwa haraka, kisha kwa utulivu, kisha akavaa miwani. Alifuata mshipa mmoja kwa ncha ya kalamu, kwenye picha ya kwanza hadi panapogawanyika, halafu kwenye ya pili. Panapogawanyika palikuwa pale pale.

"Doa hili jeupe ndipo mshipa wa fahamu unapoingilia jicho," alisema. "Daima liko upande wa pua. Haliwezi kuwa kulia kwenye macho yote mawili, labda mtu awe na pua mbili." Hakucheka, na Inspekta hakucheka. "Mishipa ya damu ni kama alama za vidole. Hizi si picha za macho mawili. Ni jicho la kulia, limepigwa mara mbili."

"Na mashine ilisomaje?"

"Sawasawa. Ilisoma jicho la kulia mara mbili, sawasawa." Alivua miwani. "La kushoto halijawahi kupigwa."

Daktari alikuwa ameshampima dereva asubuhi ile, dereva akiwa chini ya ulinzi. Jicho la kushoto lilikuwa limejaa damu, ya zamani na mpya. Wakati wa kupimwa kule kituoni damu ingekuwa imeshaanza kuvuja, ndiyo ule moshi, na picha yoyote ya jicho hilo ingetoka na ukungu. Mashine ingeandika kwamba haisomeki. Na picha isiyosomeka, daktari alisema akigonga meza kwa kidole, ni jibu. Mwongozo aliuandika yeye: asiyesomeka apewe rufaa kama mgonjwa, kwa sababu mara nyingi ndiye aliye mgonjwa kuliko wote.

Inspekta akauliza swali alilokuja nalo. Je, programu inaweza kupitia picha zote za kituo kile na kuonyesha wengine ambao macho yao mawili ni jicho moja?

Daktari alijua fundi wa kompyuta wa kufanya hivyo. Kazi haikuchukua muda. Mashine ile ile iliyokuwa ikituhumiwa ilipangiwa kulinganisha mishipa, na ikaanza kutoa majibu wakiwa bado wanangoja chai. Jozi ya kwanza ilipotokea daktari alitikisa kichwa. Zilipoendelea kutokea, moja baada ya nyingine, aliacha kutikisa kichwa. Chai ililetwa, ikapoa. Walikuwa wameshavuka idadi ambayo mtu angeweza kuiita bahati mbaya.

"Hawa wote," daktari alisema mwishowe, "wako mitaani na vyeti vyangu mfukoni."

*

Inspekta alimhoji muuguzi kwanza, peke yake, kwenye chumba kile kile cha dirisha lililo wazi. Alikuwa bado na mlango mmoja wa kufunga. Dereva hutaka leseni, na mtu anayetaka leseni anaweza kumwomba muuguzi amwonee huruma. Kama ndivyo, dereva si mwathirika, ni mshirika. Akamuuliza hivyo hivyo, bila kumzungusha.

Muuguzi alitikisa kichwa. Hakuna aliyemwomba. Wagonjwa hawakujua.

Alieleza polepole, akitazama mikono yake. Mwanzoni aliwapa rufaa wote wasiosomeka, kama mwongozo ulivyosema. Walikwenda hospitali kuu, wakangoja miezi, wengine wakarudi na maneno makali, kwamba wamepoteza siku zao kwa sababu hajui kupiga picha. Asilimia naye alimjia juu kila wiki. Kituo kitaonekana hakifai, alisema, mashine itahamishiwa kwingine, na hapo wagonjwa watakosa hata hicho kidogo wanachopata. Siku moja akasimama nyuma yake wakati jicho la mzee mmoja linakataliwa mara ya tatu, na foleni imefika uani.

"Akaniambia, piga lile linalokubali," muuguzi alisema. "Nikalipiga. Mashine ikakubali, mzee akafurahi, foleni ikasogea. Nikajiambia ni leo tu."

"Dereva unamkumbuka?"

Muuguzi aliinua macho kutoka kwenye mikono yake.

"Namkumbuka. Aliniuliza. Alishika hapa," akagusa chini ya jicho lake la kushoto, "akasema, dada, una hakika na hili? Mbona naona moshi? Mimi nilikuwa nimeshabonyeza." Kidole chake kilibonyeza meza. "Nikamwambia, mashine haidanganyi, baba. Nenda salama."

Inspekta alimsogezea maji, akamwacha ayanywe. Hakumwambia pole, wala hakumwambia kinyume chake. Alimsomea maelezo yake, akamtaka aseme kama ndivyo alivyosema. Ndivyo, muuguzi alisema. Kisha akauliza kama wale wengine wameshapigiwa simu, na kama hawajapigiwa, anaomba apige yeye, kwa sababu wanaijua sauti yake na wengine hawapokei simu ya mtu wasiyemjua. Inspekta alifikiri kidogo, akamwita koplo, akamwambia ampeleke kwa daktari, akae naye, na asimwache mpaka mtu wa mwisho apokee.

Asilimia alikuja na wakili na tabasamu. Tabasamu liliondoka kwanza.

"Sikuwahi kumwambia adanganye," alisema. "Nilimwambia apunguze."

"Apunguze nini?"

"Zisizosomeka."

"Jicho limejaa damu. Anapunguzaje?"

Asilimia alimtazama wakili wake. Wakili alikuwa anatazama picha mbili zilizowekwa mezani, na mtu aliweza kuona kwamba ndiyo kwanza anayaona yale madoa meupe.

"Zilipoanza kusomeka zote," Inspekta aliendelea, "hukujiuliza macho ya watu yamepona vipi?"

"Zilikuwa takwimu nzuri," alisema. Na kwa mara ya kwanza tangu Inspekta amfahamu, hakutaja ni asilimia ngapi.

*

Siku iliyofuata daktari alimpima dereva tena, na kabla ya mchana akapiga simu. Jicho la kulia la dereva, lile lililobaki, nalo lilikuwa limeanza kuota mishipa ile myembamba inayopasuka. Lazima apigwe mionzi ya leza leo, si kesho, kesi au si kesi. Inspekta alitia saini ya kumtoa mahabusu chini ya ulinzi, akaenda mwenyewe kumfungulia.

Lakini kwanza alipita ukumbini. Seremala alikuwa pale pale. Inspekta aliketi kando yake akamweleza yote, kwa maneno mepesi, bila kuruka kitu: moshi, mashine, picha mbili, muuguzi, foleni iliyofika uani. Alimwambia kesi ya dereva haijafutika, ni juu ya mahakama. Lakini jibu la swali lake lilikuwa limepatikana. Hakufunga breki kwa sababu upande ule kwake hakukuwa na mtu. Hakukuwa hata na upande.

Seremala alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika magoti yake.

"Alikwenda hospitali," alisema.

"Alikwenda."

"Akawaambia haoni vizuri."

"Aliwaambia."

Seremala alijipangusa vumbi la nyusi. Watu wawili watatu walipita mbele yao wakiulizia pa kulipia faini. "Sasa, dada," aliuliza, "mimi nimchukie nani?"

Inspekta alisema wapo watakaoshtakiwa. Alijua si hilo aliloulizwa. Aliinuka.

Dereva alipotolewa alikuwa ameshaambiwa habari za mashine. Hakupiga kelele. Alisema jambo moja tu kwenye korido, si kwa Inspekta hasa, kama mtu anayeendeleza mazungumzo na nafsi yake: "Wangeniambia tu, ningeegesha. Ningeegesha hata hapo hapo."

Koplo alimshika mkono wa kulia. Walipofika mwisho wa ukumbi, pale sakafu inapokatika upande wa kushoto na kushuka, koplo alikuwa amegeuka kumjibu mtu. Dereva akaendelea kutembea, kichwa juu, kuelekea mahali pasipo na sakafu. Inspekta alikuwa nyuma, mbali mno.

"Kuna ngazi," sauti ikasema. "Kushoto kwako."

Dereva akasimama. Akapapasa kwa ncha ya kiatu, akaupata ukingo, akashuka ngazi ya kwanza, na ya pili. Seremala alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwake, mikono ikining'inia, uso umelowa.

"Ahsante, ndugu yangu," dereva alisema, akiuelekea upande asiouona, na akaongozwa nje kwenye gari.